Padri Asiye na Dini: Neno Moja la Kiingereza na Uvivu Wetu wa Kufasiri



Rasimu ya orodha ya istilahi iliyozungushwa miongoni mwetu ili tuitolee maoni imenifikia, nami nimeisoma kalamu nyekundu mkononi, kama ilivyo desturi ya kazi yetu. Mengi yaliyomo ni mazuri, na waliojitolea kuyakusanya bila ya malipo wanastahili shukrani. Lakini nilipofika kwenye neno la Kiingereza "secular", kalamu ilisimama. Mbele yake pameandikwa "isiyo na dini". Basi. Hapana mfano, hapana maelezo, hapana hata alama ya mkato ya kumwashiria msomaji kwamba huenda ipo maana ya pili. Nasema bila ya kumung'unya maneno kwamba fasiri hiyo ni mbovu, kwamba ina madhara, na kwamba ikishaingia katika vitabu vya wanafunzi itatuchukua miaka mingi kuing'oa.

Siyasemi haya kwa kuwa ni bingwa wa Kiingereza. Nayasema kwa kuwa mimi mwenyewe nimepata kuitumia fasiri hiyo hadharani, na matokeo yake niliyaona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita, shule niliyokuwa nikifundisha katika mji mmoja wa mpakani hapa Uganda iliitisha mkutano wa wazazi. Wazazi wa mji ule ni mchanganyiko wa makabila, wenyeji na wageni, wakulima, wachuuzi na madereva wa malori, na lugha pekee inayowakutanisha wote ni Kiswahili. Mkuu wa shule alisoma hotuba yake kwa Kiingereza, nami, kwa kuwa ndiye mwalimu wa Kiswahili, nikatwikwa kazi ya ukalimani. Akafika mahali akasema kwamba shule yetu ni "secular". Sikufikiri hata kidogo. Nikasema: "Shule yetu ni shule isiyo na dini."

Bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike akasimama. "Mwalimu," akauliza, "mwasema hapa hapana dini?" Alikuwa Mwislamu, na kwa kuwa shule nyingi za upande ule zilianzishwa na wamisionari, nilidhani anataka kuhakikishiwa kwamba mtoto hatalazimishwa kwenda kanisani. Nikamjibu kwa furaha: "Ndiyo, Bibi, hapana dini kabisa." Akaketi. Jumatatu iliyofuata mjukuu hakuja shuleni, wala Jumanne. Nilipomfuata nyumbani, bibi alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti na chai, kisha akaniambia kwamba hawezi kumpeleka mtoto wa marehemu mwanawe mahali pasipo na Mungu. Nilieleza, nikaeleza tena. Lakini alikuwa amenisikia mimi mwenyewe, mbele ya watu mia mbili, nikitamka kwamba hapana dini kabisa. Sasa nilikuwa nayageuza maneno, na mtu mzima anayegeuza maneno haaminiki. Msichana yule, aliyekuwa wa pili katika darasa lake, alikaa nyumbani mihula miwili akiuza mandazi. Aliporudi alirudia darasa.

Basi nikaanza kulichunguza neno lile, na nililoligundua kwanza ni kwamba Kiingereza chenyewe hakina maana moja yake. Asili yake ni neno la Kilatini "saeculum", yaani kizazi, umri wa watu, karne. Wakristo wa Magharibi walipoanza kulitumia waliikusudia dunia hii ipitayo, dunia ya nyakati na miaka, mbali na ile ya milele. Ndipo wakasema kuna mapadri wa aina mbili: walioingia utawani wakafungwa na kanuni za shirika, na wale wanaoishi duniani miongoni mwa waumini, katika parokia, chini ya askofu. Hawa wa pili, ambao sisi huwaita mapadri wa jimbo, kwa Kiingereza waliitwa, na bado huitwa, kwa neno lile lile "secular". Chukueni sasa orodha yetu, mfasirieni mwanafunzi wa seminari maneno hayo. Atapata padri asiye na dini. Atamtafuta wapi?

Si hayo tu. Wanajimu husema juu ya mabadiliko ya mwendo wa Mwezi yanayotukia polepole mno, karne hata karne, nao huyaita kwa neno hili hili. Wachumi hulitumia kwa mwelekeo wa bei au wa uzalishaji unaodumu miaka mingi, tofauti na ule wa msimu. Hapo hapana habari ya dini, iwe ipo au haipo. Maana tunayoipigania sisi, ile ya siasa na ya shule, ni changa zaidi: ni mwaka 1851 ndipo Mwingereza George Holyoake alipolitunga jina la itikadi inayotokana na neno hilo, naye alilitunga makusudi ili fikra yake isichanganywe na ukanaji wa Mungu. Yaani mtu aliyeipa itikadi hiyo jina lake aliikimbia maana ile ile tunayotaka kuiandika sisi.

Mtaniuliza kwa nini sasa nataka kuwapeleka Bara Hindi. Nawapeleka kwa kuwa sijui taifa jingine lililolihangaikia neno hili kwa lugha yake lenyewe kama walivyolihangaikia Wahindi. Na si wageni kwetu. Lugha zao zimetupa gari, pesa, laki, hundi, bima na chapati. Sioni haya kuwaendea tena kukopa, safari hii fikra.

Ukifungua kamusi za Kiingereza na Kihindi utakuta neno hili limewekewa visawe kadhaa. Kuna "laukik", litokanalo na "lok", yaani ulimwengu au watu: jambo la kilimwengu. Kuna "sansarik", litokanalo na "sansar", nalo pia ni dunia, yenye ladha ya mizunguko na mahangaiko yake. Na kuna "dharmnirpeksh", ambalo ndilo utakalolikuta sana katika magazeti na midomo ya wanasiasa. Sehemu yake ya pili, "nirpeksh", maana yake ni kisichotegemea, kisichoegemea. Ya kwanza ni "dharm", na hapo ndipo penye mgogoro.

Katika mji wetu yupo mzee mmoja mwenye asili ya Gujarat, muuza vitabu na chaki, mmoja wa waliofukuzwa nchini mwaka 1972 wakarejea miaka ya tisini. Nilimwuliza kama "dharm" ni dini. Akacheka. "Mwalimu," akasema, "dharm ya moto ni nini?" Nikanyamaza. "Ni kuunguza. Dharm ya maji ni kutiririka. Dharm yako wewe ni kufundisha, na dharm ya mfalme ni kutenda haki. Sasa niambie, serikali isiyo na dharm ni serikali gani?" Nikaelewa. Neno hilo hubeba dini, ndiyo, lakini hubeba pia wajibu, sheria, uadilifu na maumbile ya kitu. Anayesema serikali haiegemei "dharm" aweza kusikika akisema kwamba serikali haina haja ya uadilifu. Bibi yangu wa mkutanoni angemwelewa Mhindi anayeshtuka kwa kulisikia.

Wahindi hawakuliacha jambo hilo lipite. Katiba yao, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, haikuwa na neno hilo katika Dibaji. Mwaka 1948, katika Bunge la Katiba, K. T. Shah alipendekeza liingizwe, na B. R. Ambedkar hakukubali, pendekezo likaanguka. Liliingizwa kwa marekebisho ya 42 ya mwaka 1976, wakati wa Hali ya Hatari ya Indira Gandhi. Mwaka 1978 serikali iliyomfuata ilitaka kueleza maana yake ndani ya Katiba, kwamba ni jamhuri yenye kuziheshimu dini zote kwa usawa. Baraza la Chini likakubali, Baraza la Juu likakataa, na neno likabaki bila ya ufafanuzi. Ubishi haujakwisha: mwezi wa Novemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India ililazimika kuzikataa kesi zilizotaka neno hilo lifutwe katika Dibaji.

Lakini tazameni kazi ya wafasiri wao, maana hiyo ndiyo inayotuhusu. Katika maandishi ya Kihindi ya Katiba, ambayo marekebisho ya 58 ya mwaka 1987 yaliweka njia ya kuyapa nguvu ya sheria, hamlioni lile "dharmnirpeksh" la magazetini. Katika Dibaji pameandikwa "panthnirpeksh". "Panth" ni njia, madhehebu, kundi la wafuasi. Kwa hiyo Jamhuri haiegemei madhehebu yoyote, na "dharm", yaani uadilifu, haikuguswa. Kisha fungueni Ibara ya 25, inayohusu uhuru wa dini. Pana neno lile lile la Kiingereza, lililokuwamo tangu mwaka 1950, likisema kwamba serikali yaweza kusimamia shughuli za fedha, za uchumi, za siasa au nyinginezo za namna hiyo zinazoambatana na ibada. Hapo wafasiri hawakuandika "panthnirpeksh", kwa kuwa fedha za hekalu hazina habari ya kuegemea au kutoegemea madhehebu. Waliandika "laukik": shughuli za kilimwengu. Neno moja la Kiingereza, katiba moja, visawe viwili, kila kimoja mahali pake. Huo ndio ufasiri. Na Wagujarati kwa lugha yao wakasema "binsampradayik", yaani isiyo ya madhehebu, wakafika mahali pale pale kwa njia yao wenyewe.

Sitaki mdhani kwamba wenzetu wamekwisha kupata raha. Mwaka 2015 waziri wao wa mambo ya ndani, Rajnath Singh, alisimama bungeni akasema kwamba "panthnirpeksh" ndilo sahihi na "dharmnirpeksh" likomeshwe, na wapinzani wakaona kwamba kilichokuwa kikipiganiwa si sarufi. Mimi siingilii siasa zao. Nalichukua somo moja tu: pale ambapo mamilioni ya watu wa dini mbalimbali wanaishi nyumba kwa nyumba, kisawe kibaya si kosa dogo la kamusi. Waandishi wa Kiurdu walioipinga fikra hiyo walijua jambo hili vizuri. Waliifasiri "ladiniyat", kutokuwa na dini, na kwa neno hilo pekee walikuwa wamekwisha kushinda nusu ya mabishano. Sisi tunataka kujifasiria hivyo kwa hiari yetu, bila ya hata adui kutusaidia.

Sasa turudi nyumbani. Najua jibu nitakalopewa: kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania yenyewe, katika Ibara ya 3, yasema kwamba nchi "isiyokuwa na dini". Ni kweli, nami naiheshimu. Lakini Katiba haisomwi ibara moja moja. Mwenye kusoma Ibara ya 3 ataikuta pia ya 19, inayolinda uhuru wa kila mtu kuabudu, na hizo mbili hushikana mikono. Kamusi haina Ibara ya 19. Kamusi humtupia mwanafunzi maneno matatu na kumwacha nayo peke yake. Tena Watanzania wenyewe waliona kwamba usemi huo hausimami bila ya mkongojo, ndiyo maana wamezoea kuongeza kwamba serikali haina dini bali wananchi wake ndio wenye dini. Kama nami ningaliongeza mkongojo huo siku ile ya mkutano, yule msichana asingaliuza mandazi.

Wengine wamelikwepa neno kabisa, na wamefanya vyema. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema katika Ibara ya 7 kwamba nchi haitakuwa na dini rasmi ya dola. Ya Kenya ya mwaka 2010 yasema karibu hivyo hivyo katika Ibara ya 8. Hapo hapana wa kushtuka, maana kilichokataliwa ni dini ya serikali, si dini. Wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, kwa kupitia Kifaransa, wana neno jingine, "laïc", ambalo Wakatoliki miongoni mwenu wanalijua bila ya kujua kwamba wanalijua: ndilo ndugu wa "mlei" na "walei", kutokana na neno la Kiyunani la watu. Jamhuri ya namna hiyo si ya wasioamini. Ni ya walei, haimo mikononi mwa makasisi. Nililipenda sana wazo hilo lilipoanza kunijia, hata nikatamani kupendekeza "serikali ya kilei". Lakini Waislamu wa pwani wangeniuliza walei ni akina nani, na wangekuwa na haki.

Kwani Kiswahili kinakosa maneno? La hasha. Wazee wa pwani tangu zamani wametofautisha elimu ya dini na elimu ya dunia, na hakuna aliyedhani kwamba hesabu na jiografia ni mambo ya makafiri. Waimbaji wetu hutenga nyimbo za injili na nyimbo za kidunia. (Nakiri kwamba mlokole akisema "ya kidunia" huwa amekunja uso kidogo, lakini hata Kihindi "sansarik" kina mkunjo huo, na neno halikataliwi kwa sababu ya mkunjo wa uso wa mtu.) Kwa shughuli, elimu, muziki na mali, kisawe tunacho, nacho ni ndugu wa "laukik".

Na kwa serikali na shule? Hapo nawaomba mnisikilize, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Wakati wa vita baridi, nchi zilizokataa kuwa mkia wa Marekani au wa Urusi zilifanya mkutano wao wa kwanza wa wakuu wa nchi Belgrade mwaka 1961, India ikiwa miongoni mwa waasisi. Tulizifasirije? Hatukusema "nchi zisizo na upande", kama kwamba hazina msimamo wala rafiki. Tulisema "nchi zisizofungamana na upande wowote", na kila aliyesikiliza redio alielewa kwamba nchi hizo zaweza kuzungumza na wote, kufanya biashara na wote, na kuwakatalia wote. Wahindi nao waliziita "gutnirpeksh", zisizoegemea kambi. Angalieni mwisho wa neno hilo. Ni "nirpeksh" ile ile iliyomo katika "panthnirpeksh". Wao waliona kwamba dola mbele ya madhehebu ni kama nchi mbele ya kambi za wakubwa, wakatumia kiungo kimoja kwa yote mawili. Nusu ya kwanza ya kazi hiyo tulikwisha kuifanya zaidi ya miaka sitini iliyopita, na ya pili imelala mbele yetu kama jembe lililosahauliwa shambani: serikali isiyofungamana na dini yoyote, shule isiyofungamana na dini yoyote.

Yuko atakayesema kwamba maneno hayo ni marefu. Ni marefu. "Nchi zisizofungamana na upande wowote" nayo ni ndefu, na haikumshinda msomaji wa habari yeyote. Yuko atakayesema tukope tu, tuandike "sekula", tumalize. Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Nimekwisha kuwatajia gari na bima. Lakini gari lilikuja na magurudumu yake, mtu aliliona. "Sekula" itakuja mikono mitupu, na mwalimu atakayeulizwa maana yake atajibu, bila ya kufikiri, "isiyo na dini".

Na yuko, tena ni rafiki yangu, aliyeniambia kwamba wanafunzi wa sekondari hawahitaji yote haya. Wanahitaji kisawe kimoja cha kukariri kwa ajili ya mtihani. Hapo nimekasirika, na nitakasirika tena. Mtoto anayekariri kisawe kimoja leo ndiye kesho atakayekuwa mkalimani wa mahakama, mwandishi wa habari, diwani, au mwalimu aliyesimama mbele ya wazazi mia mbili. Mimi nilipata stashahada yangu ya ualimu kwa kukariri hivyo hivyo.

Kwa hiyo, kwa kamati, ombi langu ni hili. Mstari ule mmoja wa rasimu ufutwe, na mahali pake iandikwe minne. Kwa serikali, shule, chama na mfano wake: "isiyofungamana na dini yoyote", na kiambishi kifuate ngeli. Kwa elimu, shughuli, muziki na mali: "ya kidunia". Kwa padri: "wa jimbo". Kwa maneno ya wanajimu na wachumi: "ya muda mrefu mno", mpaka wenye taaluma hizo watupe lililo bora. Na chini yake kila mmoja uwekwe mfano wa sentensi nzima. Kama nafasi katika ukurasa haitoshi, ile picha ya nembo ya chama juu ya ukurasa ipunguzwe. Mifano yangu nimeiambatisha pamoja na barua hii, kumi na miwili kwa jumla, na mwenye kuona kwamba wowote kati yake ni mbaya na anikosoe katika toleo lijalo.